Kwa Masanja, anayeona haya kumwambia mama

Nyakato, Mwanza

Mwanangu Masanja,

Shikamoo yako ya juzi kwenye simu niliipokea, marahaba baba. Ila ulivyokohoa mara tatu kabla ya kutamka neno "nyonga" nilijua nina kijana wa miaka 27, mhandisi mzima, ambaye bado anamwonea haya mama yake. Ulisema unaomba kwenda kusoma biomekanika, yaani uhandisi wa mwili. Nikauliza biomekanika ya nini, ukasema ya viungo. Viungo vipi? Simu ikakatika, ukasingizia mtandao. Dada yako ndiye aliyenionyesha ile video ya kompyuta uliyomtumia yeye kwa siri, ya kichwa cha mtoto kinavyopita kwenye nyonga ya mama.

Nimeiangalia mara nne. Mimi nimekuwa mkunga miaka 31, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo niliimalizia ng'ambo ile ya Busisi. Hakuna neno utakalotamka likanitoa kwenye kiti. Kwa hiyo tuzungumze, na kwa kuwa wewe huwezi kuanza, naanza mimi.

Baba yako mdogo alikuja Jumapili. Akala ugali na sato vizuri tu, akanawa, kisha akafungua kikao. "Shemeji, kijana tumemsomesha madaraja. Sasa anakwenda Ulaya kupima wanawake?" Siku hiyo alikuwa ametoka Sengerema kwa Daraja la Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kwa dakika chache, pale tulipokuwa tukikaa foleni ya kivuko mpaka ndizi zinaivia kwenye gari. Tangu lifunguliwe Juni 2025 hana hadithi nyingine. Nikamwambia hesabu ni zile zile. Sikuzitoa kichwani mwangu. Wewe mwenyewe ulinieleza ukiwa mwaka wa tatu, ukichora nyuma ya risiti ya luku: umbo kubwa lisilokokotoleka unaligawa vipande vidogo vidogo, unakokotoa kimoja kimoja, halafu unaviunganisha. Ukaniambia aliyezipa jina hesabu hizo mwaka 1960 ni Ray Clough, profesa wa Berkeley kule Marekani, baada ya kuhangaika na mabawa ya ndege. Kama zilihama kutoka kwenye bawa zikaenda kwenye daraja, kwa msuli zinashindwa nini? Shemeji akajibu kwamba msuli si zege. Hapo alisema kweli, na nitalirudia hilo chini.

Kilichonishika kwenye video, lakini, ni ule wavu. Msuli wote wa sakafu ya nyonga umefunikwa macho ya wavu, na kichwa cha mtoto kinashuka taratibu, macho yanavutika, yanabadilika rangi kutoka buluu mpaka nyekundu. Babu yako, ambaye jina lake umelibeba ndiyo maana nakuita baba, alikuwa anashona nyavu za dagaa pale Igombe. Wakati wa mbalamwezi, wenzake wakipumzika, yeye alikaa chini ya mwembe na sindano yake ya mti. Niliwahi kumuuliza kwa nini pembeni anapitisha uzi mara mbili. Akasema wavu hauchaniki katikati ambako dagaa wamejaa. Unachanikia pale ulipofungwa kwenye kamba. Sasa kwenye video yako nimeona macho ya wavu ni makubwa katikati, na karibu na mfupa ni madogo, yamebanana. Nikasema hawa watu wangeelewana na baba yangu.

Maana ndivyo msuli huo unavyoachia. Umelala chini ya kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa kama kitambaa cha machela, na kwa mbele umeshikizwa nyuma ya mfupa wa kinena. Ukizidiwa wakati wa kujifungua, unabanduka pale pale uliposhikizwa. Na juu yake ngozi inaweza kuwa nzima kabisa, bila hata mchubuko. Masanja, nimeshona misamba mingi kuliko nguo. Nimewamulika wanawake kwa tochi, nikakuta pazuri, nikamwambia mtu "Mungu mkubwa, hujachanika," nikamruhusu akaenda zake na mtoto mgongoni. Wangapi kati yao walikuwa wamebanduka ndani? Jeraha hilo linaonekana kwa altrasaundi au MRI, ile mashine ya picha unayoingia kama bomba. Chombo changu kilikuwa vidole viwili.

Dada yako amenisomea na mengine. Kwamba wahandisi na madaktari wa Michigan, Marekani, walipiga hesabu mwaka 2004 wakakuta sehemu ya msuli huo iliyo karibu zaidi na katikati inavutika mpaka mara 3.26 ya urefu wake kichwa kinapopita. Msuli wa kawaida hata mara mbili hauvumilii. Nilimwambia arudie kusoma, nikidhani amekosea nukta. Na hao wa Porto, Ureno, kwenye taasisi ya INEGI unayoitaka, ni watu wa uhandisi wa mitambo kama wewe, lakini wamekaa na suala hili miaka mingi. Wameangalia hata mtoto anayetoka akitazama dari badala ya kutazama chini, na hesabu ikaonyesha msuli unavutwa zaidi. Bibi yangu, mkunga wa jadi asiyejua kusoma, alilijua hilo. Akimpapasa mama na kumkuta mtoto amekaa hivyo, alikuwa anakunja kanga yake na kusema leo tutalala hapa. Unavutwa kiasi gani, yeye hakujua, wala mimi niliyevaa sare sikujua.

Sasa aya inayofuata ukiona haya iruke. Lakini usiiruke.

Wewe ulizaliwa na kilo 4 na gramu 200, ukitazama dari. Nilisukuma mpaka nikasahau jina la baba yako. Siku ya arobaini nilikuwa nimeshabeba ndoo. Miaka mitano hivi baadaye nikaanza kuhisi kitu kizito kinashuka, kama nimekalia yai. Kizazi kilikuwa kinateremka. Unakumbuka nilivyoacha kwaya? Nyumba nzima niliidanganya kwamba ni koo. Koo langu lilikuwa zima. Ila nikipandisha sauti ya kwanza mkojo unatoka, na sare yetu ilikuwa ya rangi ya maziwa. Nikahamia benchi la nyuma karibu na mlango, kanga mbili ndani ya gauni, na kila nikitaka kupiga chafya nakutanisha magoti kwanza. Nilipompata daktari nikamweleza, hakunipima. Alisema, "Mama, hiyo ni ada ya kuzaa," akaita mgonjwa mwingine. Mimi mkunga, ninayewafundisha wenzangu wasinyamaze, nikanyamaza miaka kumi na tisa.

Siku hizi nina pesari. Ni pete ya mpira laini, inakaa ndani na kukishikilia kizazi. Niliwekewa miaka mitatu iliyopita na muuguzi kijana ambaye hakuinua hata nyusi. Baba yako alijua kabla hajafa. Sasa na wewe unajua, na simlaumu mtu, wewe hasa ulikuwa hujui unatazama wapi.

Kuna mwingine ninayetaka umbebe unapokwenda. Simtaji jina. Alikuja zahanati kwetu akiwa na miaka kumi na sita au saba, mimba ya kwanza, mfupi kama mchi. Tulikuwa na patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, na hii sijui kama mnafundishwa nyie wahandisi: yenye mistari yake miwili ilitoka huku kwetu Afrika. Philpott na Castle waliitengeneza mwaka 1972 mji wa Harare ulipokuwa bado ukiitwa Salisbury, ili mkunga aliye peke yake mbali na hospitali ajue saa ya kumtoa mama. Mstari wa kwanza unapanda sentimita moja kwa saa, ndivyo mlango wa kizazi unavyotarajiwa kufunguka. Wa pili uko saa nne kulia kwake, na ukiufikia huo hakuna kusubiri tena. Yule binti aliupita wa kwanza jioni. Nikaandika rufaa. Tulipofika ufukweni ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga juu ya gati, hakuna chombo kilichothubutu. Tulikaa kwenye gari mpaka alfajiri, nimemshika mkono, naangalia saa, na mstari wa pili uko nyuma yetu.

Yeye alipona. Mtoto hapana. Baada ya wiki moja mkojo ukaanza kuvuja wenyewe: kichwa kilikuwa kimekibana kibofu kwenye mfupa muda mrefu, damu haikupita, nyama ikafa, tundu likabaki. Fistula. Hospitali ya Bugando walimshona baadaye na akakauka, namshukuru Mungu. Sasa baba yako mdogo akisifia daraja mimi namuitikia kwa moyo wote, lakini nguzo zile naziona kwa jicho jingine. Anayedhani daraja na nyonga ni masomo mawili tofauti hakukaa kwenye gari lile.

Kwa hiyo nenda. Barua yako ya maombi isitaje "viungo", itaje nyonga, msamba, uchungu, kwa majina yake. Kwa ndugu zako wa kiume nitasema mimi.

Ila narudi kwenye msuli si zege. Umbo lile la Michigan lilitokana na picha za mwanamke mmoja, wa miaka 34, ambaye hajawahi kuzaa. Mmoja! Babu yako asingeshona wavu kwa kumpima dagaa mmoja. Na ugumu wa nyama wanazoweka kwenye hesabu, dada yako anasema mara nyingi umepimwa kwa maiti, au kwa vipande vya wanawake waliokwenda kufanyiwa upasuaji, kwa sababu nani atamwekea mashine mama aliye kwenye uchungu? Naelewa. Hata mimi ningemfukuza huyo mwenye mashine. Lakini ukifika uwaulize: yuko wapi binti wa miaka kumi na sita? Yuko wapi mama wa watoto wanane, ambaye nyama zake nilizijua kwa mkono kwamba si sawa na za uzao wa kwanza? Picha wanazipiga mtu amelala chali kwenye bomba. Bibi yangu alizalisha watu wakiwa wamechuchumaa, wameshika nguzo ya nyumba, na sisi wenye vyeti tukaja tukawalaza. Mchuchumishe huyo mwanamke wako wa kompyuta uone macho ya wavu yanasemaje. Halafu mtwishe ndoo ya lita 20 siku ya kumi baada ya kuzaa, maana hakuna anayepumzika hapa kwa sababu kitabu kimesema.

Na kichwa. Mara ya pili kuangalia video nilicheka mpaka dada yako akaja kutoka jikoni. Kile kichwa ni kigumu kama mpira wa gofu, kimeingia mviringo kimetoka mviringo! Kichwa cha mtoto hakitoki hivyo, baba. Mifupa yake haijaungana, inapandana, kinarefuka kama embe dodo, na ndivyo kinavyopata njia. Wewe chako kilikuwa kirefu mpaka bibi yako mzaa baba akakuvalisha kofia kabla wageni hawajaingia. Siku ya tatu kikawa sawa. Kama kwenye hesabu hakipindi, si ndiyo maana msuli wote unaonekana mwekundu? Labda wameshalirekebisha kwenye video nyingine ambayo hukuthubutu kumtumia hata dada yako. Nataka kujua.

Koti zito lako la Arusha nimelifua. Dagaa nitakukaangia uondoke nao, wale wa Ukerewe, si hawa wa mchanga.

Nipigie Alhamisi kabla ya saa kumi na moja, baada ya hapo niko mazoezini kanisani. Uanze na jibu la kichwa.

Mama yako