Need for Speed imepoteza sura yake, na kosa si michoro

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo ambalo huenda wazee wetu wakaliona la kitoto: gemu ya magari ya Need for Speed. Vichochoro vya Lamu ni vya punda na waenda kwa miguu, lakini muulize kijana wa Langoni ile BMW M3 GTR ya fedha na buluu ni ya gemu gani, atakujibu kabla hujamaliza swali. Ni ya Most Wanted ya mwaka 2005. Tangu hapo yametoka matoleo zaidi ya kumi, na hakuna gari jingine lililokaa vichwani mwa watu namna ile.

Lawama nyingi siku hizi huelekezwa kwenye michoro, hasa moshi na mabawa ya katuni ya toleo la Unbound la 2022. Kwa maoni yetu hizo ni kelele tu. Kilichovunjika ni uhusiano wa mchezaji na gari lake.

Katika Most Wanted ya 2005, kila gari lilikuwa na kiwango chake cha kusakwa na polisi. Ukilitumia kwa fujo, kiwango kinapanda: mwanzo unafuatwa na gari za doria za kawaida, baadaye vinakuja vizuizi, misumari barabarani na helikopta. Dawa zilikuwa mbili. Ama uliache gereji uendeshe jingine, ama uliingize dukani ulibadilishe rangi, bampa, rimu na spoila, na hapo kiwango kinashuka kwa sababu gari halifanani tena na lile linalotafutwa. Urembo ulikuwa na kazi! Ukikamatwa unalipa faini na gari linatiwa alama; likijaza alama tatu, linazuiliwa. Ndiyo maana mchezaji alikubali kujibanza, mate yakimkauka, hadi polisi wapite. Alikuwa na kitu cha kupoteza.

Mwaka 2012 likatoka jingine lenye jina lilelile, Most Wanted, safari hii mikononi mwa Criterion, watengenezaji wa Burnout, gemu ya mbio za kugongana. Magari yameegeshwa kando ya barabara. Unasimama ubavuni, unabonyeza kitufe kimoja, gari ni lako. Polisi wakikuandama unapita kwa kasi ndani ya gereji ya matengenezo: rangi inabadilika bila wewe kuichagua, mabonde ya bodi yananyooka na msako unapungua, yote kwa sekunde moja. Tuseme ukweli, kuliendesha ni raha. Lakini ni Burnout iliyovaa kanzu ya kuazima. Gari usilolitolea jasho huna sababu ya kulionea uchungu.

Huko kuyumba hakukuanza 2012. ProStreet ya 2007 iliwaondoa polisi kabisa ikapeleka mbio kwenye viwanja rasmi. Shift ya 2009 ikaufuata mtindo wa Gran Turismo, gemu inayoiga mbio halisi za viwanjani. The Run ya 2011 ikamshusha dereva garini akimbie kwa miguu huku wewe ukibonyeza vitufe unavyoonyeshwa.

Kisha ikaja Payback ya 2017, na hapa ndipo tunapokasirika. Nguvu ya gari iligawanywa katika kadi za vipuri sita: kichwa cha injini, bloku, kompyuta ya injini, turbo, egzosi na giaboksi. Ukishinda mbio unachagua kadi moja kati ya tatu zilizofunikwa. Usipoipenda, unaibadilisha upate tokeni, na tokeni tatu zinakupa zungusho moja la mashine ya bahati nasibu. Katika zungusho hilo unaruhusiwa kufunga sifa moja tu: aina ya kipuri, au chapa, au faida yake ya ziada. Unafunga turbo, inakuja turbo ya chapa usiyoitaka. Unafunga chapa, linakuja egzosi. Wakati huo mbio zinazofuata zinataka gari lenye nguvu zaidi, basi unarudia zile ulizokwisha shinda. Ukihamia gari jingine, kadi unaanza kuzitafuta upya. Ufundi wa gereji umegeuzwa kamari.

Heat ya 2019 iliziondoa kadi hizo: mchana unashindana kihalali upate pesa, usiku unatafuta jina na polisi wanauma kweli. Unbound nayo, pamoja na katuni zake, inakuacha na msako wako kutoka mbio moja hadi nyingine mpaka ufike gereji. Hapo watengenezaji waliokota walichokitupa. Bahati mbaya, mwaka 2025 EA, kampuni yenye Need for Speed, ilitangaza Criterion, waliotengeneza Unbound, kuwa mojawapo ya studio nne za Battlefield, gemu ya vita.

Kuna hasara nyingine inayovigusa vyumba vya gemu huku kwetu. Toleo la Underground 2 kwenye mashine ya PlayStation 2 (PS2) liligawa skrini mara mbili: pedi mbili, televisheni moja, wawili bega kwa bega. Heat haina, Unbound haina. Anayelipia dakika akiwa na mwenzake anataka wacheze pamoja, kwa hiyo soka imebaki peke yake kwenye benchi.

Mwisho, neno kwa wanaonunua diski. Toleo la 2015 lenye jina la Need for Speed tupu halichezeki bila intaneti hata ukiwa peke yako. Bando likiisha, mchezo umeisha. Heat inakuuliza kabla ya kuanza: chagua kucheza peke yako. Na Unbound haikutolewa kwa PS4, basi anayekuuzia ya PS4 mrudishie diski yake.

Wapenzi wa gemu,
Langoni, Lamu