Rula kwanza, mishipa baadaye

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi na kulikunja bila neno. Ile habari ya "kipimo kipya" cha kuhesabu mishipa ya damu kwenye saratani ya kinywa, eti kinachomwambia mgonjwa amebakiza muda gani, nimeshindwa kuikunja.

Kwanza, kipimo si kipya. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Marekani, alieleza kwamba uvimbe hauvuki milimita 1 au 2 bila kujioteshea vimishipa vya kuulisha. Mwaka 1991 Weidner na wenzake walivihesabu kwenye saratani ya matiti, wakakuta pale vilipokuwa vingi ugonjwa ulikuwa umesambaa zaidi. Ukiacha neno "kipya", hadi hapo mwandishi wenu hana kosa. Alichoruka ni yaliyotokea kipimo kilipohamia mdomoni: tafiti nyingine ziliona uhusiano kati ya wingi wa mishipa na saratani kusambaa kwenye tezi za shingo, nyingine hazikuona kitu.

Anayekaa kwenye hadubini anajua kwa nini. Slaidi yenye ukanda mwembamba wa nyama hupakwa kingamwili, yaani protini inayoshika ukuta wa mshipa ili uonekane. Ukitumia kingamwili ya CD31 au CD34 unapata mishipa yote, ya zamani na mipya. Ukitumia CD105 unapata zaidi inayochipua, kwa hiyo namba hazilingani hata kinyama, yaani kipande cha nyama kilichokatwa kwa uchunguzi, kikiwa kilekile. Kisha unatafuta kwa ukuzaji mdogo mahali mishipa iliposongamana, unapanda hadi mara 200, unahesabu. Mahali hapo huchaguliwa kwa jicho, na macho ya watu wawili hutoa namba mbili. Isitoshe, ulimi una mishipa mingi kwa asili, na kidonda chenye maambukizi huotesha mingine ya kujiponyea. Ukihesabu karibu na kidonda, umehesabu uponaji ukauita saratani. Wala hakuna namba ambayo wote wamekubaliana kuiita kubwa. Bevacizumab mliyoisifia, dawa ya kuzuia mishipa hiyo isiote, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Ilipoongezwa kwenye dawa za saratani ya kichwa na shingo haikurefusha maisha kwa kiwango cha kuridhisha, na kutokwa damu kukaongezeka.

Kinachotabiri vizuri kuliko kuhesabu mishipa ni rula. Toleo la 8 la mfumo wa TNM, unaopanga hatua za saratani (T ni daraja la uvimbe wenyewe), linapima kina cha kupenya: uvimbe usiozidi sentimita 2 wenye kina cha hadi milimita 5 ni T1, kina kikizidi 5 unapanda T2, hata kama kwa juu unaonekana mdogo. Wa sentimita 2 hadi 4 ukipenya zaidi ya milimita 10 ni T3. Ukingo wa nyama nzima iliyokatwa kuzunguka uvimbe ukiwa chini ya milimita 5, hapo pana mashaka. Saratani ikishafika tezi za shingo, matumaini ya kuishi hupungua karibu nusu, na ikipasua ganda la tezi ni mbaya zaidi. Sasa haya yote yanadai kinyama kilichokatwa na kutunzwa sawasawa, na wiki ileile mliyochapisha habari yenu, kinyama cha ulimi kilifika maabara moja mjini Tabora kikiwa ndani ya kichupa cha sindano ya penisilini. Kiliingia laini, fomalini, yaani dawa ya kuhifadhia nyama, ikakifanya kigumu kama kopa la muhogo, hakitoki kwenye shingo ya kichupa. Kichupa kikavunjwa, chembe ya kioo ikabaki kwenye nyama, wembe wa mikrotomu, mashine ya kukata kinyama kuwa kanda nyembamba, ukapata pengo na kila ukanda ukatoka na mchirizi. Fomalini ilikuwa imefika nusu tu ya kinyama, kwa hiyo chini kimeiva, juu kimeoza. Tena kilikatwa katikati ya kidonda, penye tishu mfu, badala ya ukingoni nyama nzima inapokutana na mbovu. Fomu imeandikwa "ulimi", upande haupo. Mishipa ipi ihesabiwe hapo? Inatakiwa fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu 1 ya fomalini kali kwa 9 za maji, yenye chumvi za fosfeti, ujazo usiopungua mara 10 ya kinyama, saa 6 hadi 48. Maji ya chumvi hukiozesha. Spiriti hukinyausha.

Na nikiwa bado na hasira: kila msimu mnachapa bei za tumbaku ya Urambo na Kaliua hadi senti ya mwisho, lakini ugoro unaouzwa sokoni kando ya peremende hamjauandikia mstari. Unachanganywa na magadi, na magadi ndiyo hufanya nikotini ipenye haraka. Anayeuweka kati ya shavu na fizi kila siku aanze kukaguliwa hapohapo.

Mkitaka kutusaidia, ukingoni mwa ukurasa wa 3 chapeni rula ya milimita 10, na chini yake muandike: kidonda cha mdomo kisichopona wiki 3 kikatwe kinyama, kisipakwe GV, ile dawa ya zambarau, kwa mara ya nne. Gharama ya ile picha ya rangi ya mishipa inunue vikopo 200 vya kuwekea vinyama, vya mdomo mpana, mililita 60, kifuniko cha kusokota. Hata vya mafuta ya kujipaka tutavipokea, vikiwa vimeoshwa.

Mwanamaabara wa patholojia,
Tabora