Barua kwa mpwa wangu: mng'ao wa sarafu si fedha yake

Mpwa wangu,

Umeandika kwamba sarafu yako ya Gallienus, kaizari wa Roma, mwenye taji la miale, lazima ni ya fedha kwa kuwa inang'aa. Mng'ao huo ni kazi ya fundi.

Sarafu ya aina hii, antoniniano, ilianzishwa na kaizari Caracalla mwaka 215. Ilikuwa na gramu 5 hivi, karibu nusu yake fedha. Kufikia kifo cha Gallienus, mwaka 268, fedha ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 5.

Fundi alichukua kipande bapa cha shaba iliyochanganywa na fedha, akakipasha moto mpaka shaba ya juu ikaungua na kuwa nyeusi, kisha akakitia kwenye asidi hafifu. Asidi hula shaba iliyoungua na kuacha fedha juu, yenye vitundu kama sifongo. Nyundo ya chapa ikishuka, vitundu vinashindiliwa na uso unakuwa mweupe. Njia hii inahitaji fedha ya kutosha ndani. Ilipopungua mno, weupe ulibaki ngozi nyembamba tu. Tazama pua na shavu la kaizari, ndiko vidole vinakopita: hapo wekundu wa shaba hutokeza kwanza.

Ndiyo maana kipimo cha mionzi kinachogusa uso peke yake husoma asilimia kubwa kuliko ukweli. Maabara makini hutoboa ukingoni kwa keekee nyembamba na kutupa unga wa kwanza. Wewe ipime hewani, kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji uipime tena. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili: jibu ni mara ngapi sarafu ni nzito kuliko maji ya ujazo uleule. Nusu fedha nusu shaba hutoa 9.66, na fedha asilimia 5 hutoa 9.03. Kwa sarafu ya gramu 3, kipimo cha majini cha michanganyiko hiyo miwili hutofautiana kwa kama gramu 0.02 tu, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai kabisa. Tena madini ya risasi yakiwamo hupandisha jibu, na sarafu iliyoliwa na kutu hulishusha.

Umeandika pia kwamba imani ya watu kwa sarafu ilianguka kadiri fedha ilivyopungua; hapo sikubaliani nawe. Ni kweli, mwaka 260 wenye benki wa Oxyrhynchus, Misri, walifunga milango wakikataa sarafu za makaizari. Ofisa Aurelius Ptolemaeus akaamuru wafungue na kupokea kila sarafu isipokuwa ya bandia dhahiri. Hata hivyo, bei za Misri hazikulipuka wakati huo. Zilipanda takriban mara kumi katikati ya miaka ya 270, kaizari Aurelian alipotoa sarafu mpya yenye fedha nyingi kidogo kuliko ya mtangulizi wake. Watu walikuwa wamevumilia shaba miaka mingi kwa sababu hesabu iliyozoeleka ya thamani ya sarafu ilikuwa haijaguswa. Ilipovurugwa, kuongeza fedha hakukuwatuliza.

Na tafadhali, usiisugue kwa limau na chumvi. Ngozi ile ikitoka hairudi.