Barua kutoka Yokohama: siku mwanangu alipokimbia

Yokohama,
Jumatatu, 27 Mei 2024.

Kwako somo yangu,

Hujambo? Mzee wako na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Binti yuko nyumbani leo, shule imewapa mapumziko ya kufidia Jumamosi. Amelala hapa ubavuni kwangu na kofia yake ya michezo kichwani, hataki kuivua. Naandika kabla hajaamka, maana niliyoyaona juzi sikutaka kukusimulia juujuu kwenye simu.

Jumamosi ilikuwa undokai, siku ya michezo ya shule. Unakumbuka kwetu: wenye mbio walichujwa mapema, nawe ukiwamo, ukavaa jezi ya wilaya ukaenda UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi Tanzania. Sisi wengine tulipangwa pembeni tupige makofi. Miaka saba ya shule ya msingi sikuwahi kusimama kwenye mstari wa kuanzia mbio. Basi nilijua huyu wangu, aliyeanza darasa la kwanza Aprili tu, ataketi atazame wakubwa. Thubutu! Wanacheza wote, shule nzima, mwepesi na mzito.

Wanagawanywa wekundu na weupe. Kofia ina pande mbili, ukiigeuza umehama kambi. Wenyewe wanasema rangi hizo zimetoka kwenye vita vya koo mbili, Taira na Minamoto, tangu 1180 hadi 1185. Taira bendera zao nyekundu, Minamoto nyeupe. Binti ni mwekundu, na ameshaniambia nguo nyeupe hatavaa wiki hii.

Watoto walibeba viti vyao wenyewe kutoka madarasani mpaka uwanjani, kwenye udongo mtupu uliochorwa chokaa. Wanaotangaza kwenye kipaza sauti ni watoto, wanaopiga ngoma za kushangilia ni watoto, na wa darasa la sita ndio wanaokimbia huku na huko kupanga vifaa.

Mchezo wao wadogo ni kurusha vimipira vya nguo kwenye kapu lililofungwa juu ya mlingoti. Filimbi ikilia, vurugu tupu, vimipira vinaruka kama kumbikumbi. Ila utamu uko kwenye kuhesabu, somo yangu. Hawatangazi tu kwamba fulani kashinda. Kila upande unatoa kimipira kimoja kimoja kapuni na kukitupa juu, na uwanja mzima unahesabu kwa sauti moja: moja! mbili! tatu! Vinakwenda sambamba mpaka kapu moja linakauka na jingine bado linatoa. Wekundu walikauka kwanza. Walizidiwa kwa viwili tu! Nilishika kichwa kama mechi ya Simba na Yanga.

Halafu mbio za mita 50. Binti alianza vizuri, akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Moyo ukanipasuka, nikanyanyuka nimfuate, jirani yangu akanishika mkono taratibu: ngoja. Mtoto kwenye kipaza sauti akamwita, "Mwekundu, jitahidi!", na wale weupe, wapinzani wake, wakaanza kumpigia makofi. Akainuka na magoti yamejaa udongo, akakimbia mpaka mwisho. Alikuwa wa mwisho. Msichana wa darasa la sita akampokea, akamfuta magoti, akamshika mkono akampeleka kuketi nyuma ya bendera ya namba yake, pale pale kwenye safu na waliomtangulia. Nililia, somo yangu, na sikujificha.

Kimoja tu kimenikaa rohoni. Jirani anasema kabla ya korona siku hii ilikwenda hadi alasiri, familia zikitandika maturubai na kula pamoja uwanjani, wali wa kufinyangwa na kuku wa kukaanga. Yetu iliisha saa sita mchana, kila mtu kwake. Nami nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi! Tulimpelekea jirani nyumbani, akayasifu sana, lakini naona walipoteza kitu kikubwa walipokata kile chakula.

Najua siku hizi unachuja timu ya wilaya, na lazima uwachuje, ndiyo kazi. Lakini wale darasa la kwanza na la pili, wafungie kapu juu ya mti, washone vimipira kwa vitambaa vya khanga zilizochakaa, na wahesabu wote kwa sauti. Nimenunua kofia kumi za rangi mbili. Mdogo wangu anakuja huku Julai, atarudi nazo. Niandikie unahitaji ngapi zaidi.

Nisalimie wote nyumbani. Huyu ameamka, anauliza kofia iko wapi.

Wako,
Somo yako