Barua kwa Elias: Injini ya DT Isitupwe

Iringa,
8 Septemba 2024

Ndugu yangu Elias,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka. Nimefurahi kusikia kwamba ile Yamaha DT175 ya marehemu mzee hatimaye umeitoa ghalani. Lakini nilipofika mahali unaposema kuwa fundi wa hapo Makete amekushauri uitoe injini yake na kuweka ya bodaboda ya Kichina ya cc 150, nikaona nikuandikie mapema kabla msumeno haujagusa fremu.

Fundi huyo ana hoja. Spea za bodaboda zinapatikana hata kwenye duka linalouza sukari na viberiti, na kama ungekuwa unaitengeneza ili ibebe abiria kila siku, ningekuunga mkono. Wewe, hata hivyo, unataka pikipiki ile ile aliyoendea mzee kwa wakulima wa pareto, na unataka ipande nyanda za juu za Kitulo. Ukiweka injini nyingine itabidi ukate masikio ya fremu yanayoshikilia injini na kuchomelea mapya, ekzosi haitakaa mahali pake, na namba ya injini iliyo kwenye kadi haitalingana na iliyogongwa kwenye chuma. Utabaki na tangi la Yamaha lililowekwa juu ya bodaboda.

Injini yenyewe ni nyepesi kutengenezwa kuliko unavyoogopeshwa. Ukoo wake ulianza na DT-1 ya mwaka 1968, ya cc 246, iliyoundwa ili mtu aende nayo barabarani na porini bila kubadili pikipiki. Yako ni ndogo zaidi, cc 171, yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 66 inayopanda na kushuka milimita 50. Kwa kuwa ni ya mapigo mawili, haina valvu kwenye silinda hedi, haina kamshafti wala cheni ya taimingi. Mtu mwenye subira, spana nzuri na meza safi anaweza kuifungua nyumbani.

Kinachoiua injini iliyolala muda mrefu, mara nyingi, ni oili sili za krankishafti, yaani pete za mpira zinazoziba pande mbili za mhimili unaozungushwa na pistoni. Katika injini ya mapigo mawili, hewa na petroli hupitia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha kranki, kabla ya kusukumwa juu. Kwa hiyo chumba hicho lazima kizibe barabara. Sili ya kushoto, nyuma ya magneto (gurudumu la sumaku linalotoa umeme wa injini), ikikauka na kupasuka, injini huvuta hewa ya ziada, hupata petroli kidogo kuliko inavyohitaji, huchemka, na mwishowe pistoni hung'ang'ania ndani ya silinda. Ya kulia ikifa, injini hunyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mweupe usiokwisha, na watu hudhani ringi zimeisha. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa mzee miaka ile ya mwisho, maana nakumbuka alikuwa akilalamika kwamba oili ya gia inapungua na chini hakuna hata tone.

Ukishabadilisha sili, usiamini macho. Ziba mlango wa ekzosi kwa kipande cha tyubu na bati, ziba na mrija wa pampu ya oili, shusha pistoni hadi chini, kisha upande wa kabureta funga mpira wa kile kipimo cha presha cha mkono wanachotumia zahanati. Pandisha mshale wa kipimo hadi milimita 300 za zebaki, ambayo ni karibu pauni 6 kwa inchi ya mraba, halafu ukae kimya uitazame kwa dakika kadhaa. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Palipovuja patachemka viputo vidogo. Mafundi wengi wa mjini hawafanyi kipimo hiki, kisha wanailaumu kabureta.

Kwa kufungua kava za pembeni, tafuta bisibisi ya kugonga kwa nyundo, kwa sababu skrubu zile za nyota za Kijapani huharibika vichwa ukitumia bisibisi ya kawaida. Magneto nayo usiigonge kabisa. Itolewe kwa pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Silinda ina slivu ya chuma inayoweza kuchongwa, na pistoni za ovasaizi, yaani zilizozidi ya asili kwa milimita 0.25 na 0.50, zipo, lakini tafadhali usinunue pistoni kabla silinda haijapimwa, kwani mchongaji huifuata pistoni uliyoishika mkononi.

Tangi lenye kutu lijaze siki, uliache usiku kucha, ulisuuze kwa maji yenye magadi, ulikaushe siku hiyo hiyo na kulipaka oili kidogo ndani. Pampu ya oili ifunguliwe skrubu yake ya kutoa hewa hadi oili ije bila mapovu, na tangi la kwanza la petroli litilie pia oili, sehemu 1 kwa 50, mpaka uone kwa macho kwamba pampu inafanya kazi. Ukumbuke tena kwamba Kitulo ni mita 2,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari: hewa huko ni nyembamba, hivyo jeti kuu ya kabureta, kile kitundu kinachopimia petroli, iliyo sawa Dar es Salaam itakuwa imezidi huko kwenu, na plagi itakuwa nyeusi daima. Omba jeti ndogo kwa hatua moja au mbili.

Rangi iwe ya mwisho. Na kama tangi bado lina rangi yake ya asili, hata iliyochubuka pale magoti ya mzee yalipokuwa yakigusa, mimi nisingeipuliza.

Pula ya magneto na kipimo cha presha nitakutumia kwa basi la Ijumaa. Nawe nipimie silinda sehemu ya juu, ya katikati na ya chini, uniandikie namba zote tatu, ili nikutafutie pistoni hapa.

Ni mimi rafiki yako,
Daudi