Darubini nazo zifike mwaloni

Mhariri,

Nilikuwa mtafiti wa fizikia ya nyota. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta nikichambua data za nyota ambazo sijawahi kuziona kwa macho. Siku hizi nabeba darubini ndogo hadi mialoni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, na wenzangu wa zamani wananionea huruma. Waache tu.

Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, huonekana kwetu ndani ya mwaka. Wavuvi wa dagaa wanalijua giza kuliko profesa yeyote: mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti dagaa, wanabaki nchi kavu. Hapo ndipo ninapowapata. Juzi kwenye mwalo wa Igombe mvuvi mmoja alitazama sayari ya Mshtarii (Jupita), akahesabu miezi yake minne mikubwa, ileile aliyoiona mwanaanga Galileo mwaka 1610, kisha akauliza mbona imejipanga mstari mmoja. Chuoni sikuwahi kuulizwa swali hilo.

Ombi langu kwa halmashauri: taa za barabarani zifunikwe juu, zimulike chini, zisitufiche nyota. Na shule zenye darubini stoo zizitoe nje, ukungu unakula lenzi.

Mkazi wa Ilemela,
Mwanza