Kalenda ya Kiswahili cha Lubumbashi ishikwe na mkono mmoja

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu zimefungua mijadala miwili: kama Kiswahili cha hapa Lubumbashi, chenye "batoto" (watoto), "njo vile" (ndivyo hivyo) na "bukari" (ugali), kinafaa kuchapwa, na kama mji huu uwe na kalenda ya kitabu, ya kila mwaka, itakayotundikwa ukutani katika kila nyumba. Mambo yote mawili yaliwahi kumfika mtu mmoja, Mjerumani Johann Peter Hebel, mwandishi wa bonde dogo na mkubwa wa shule na kanisa. Aliyatatua kwa njia mbili tofauti, na hapo ndipo wachangiaji wenu wanapojichanganya.

Hebel alizaliwa Basel tarehe 10 Mei 1760. Baba yake, mfumaji, alifariki mwaka uliofuata. Mama alikuwa mtumishi katika nyumba ya matajiri wa Basel. Majira ya joto walikaa mjini, majira ya baridi kijijini kwao Hausen, katika bonde la mto Wiese. Mama naye akafariki mwaka 1773, akiwa njiani kurudi kijijini juu ya gari la ng'ombe, mwanawe akiwa na miaka 13. Kijana alisoma teolojia Erlangen, akafundisha Lörrach, na mwaka 1791 akaitwa Karlsruhe, mji mkuu wa Baden. Alitamani parokia ya kijijini, hakuipata kamwe. Badala yake walimpandisha vyeo: mkuu wa shule kubwa ya Karlsruhe tangu 1808, kisha mjumbe wa idara ya kanisa, na mwaka 1819 kiongozi wa kwanza wa kanisa la Kilutheri la Baden, cheo kilichompa pia kiti katika bunge. Alifariki Schwetzingen tarehe 22 Septemba 1826, akiwa katika safari ya kusimamia mitihani ya shule.

Sasa lugha. Katika bonde la Wiese watu husema Kialemani, lahaja ya Kijerumani ya kusini-magharibi. Mtoto, ambaye Kijerumani cha shule humwita "Kind", wao humwita "Chind". Tofauti hiyo ni sawa kabisa na "watoto" na "batoto". Mwaka 1803 Hebel alitoa mashairi 32 kwa lugha hiyo, na jalada halikuwa na jina lake. Mojawapo linaanza mama akiwaita watoto waje, uji wa oti, nafaka ya nchi za baridi, uko tayari. Ungekuwa huku angesema: "Bukari iko tayari, batoto, mukuye mukule." Basi, watoto wanapokula, mama anawasimulia punje ya oti tangu ilipolala udongoni, jinsi ilivyochomoza, ilivyoogopa baridi, hadi kinu na chungu. Maneno yote ni ya jikoni, na Goethe mwenyewe aliyasifu mashairi hayo gazetini mwaka 1805.

Lakini tazameni alivyojiandaa. Katika dibaji alitaja lugha hiyo inasemwa kutoka wapi hadi wapi. Mwishoni aliweka orodha ya maneno kwa msomaji wa mbali. Huku nasi tunahitaji kazi hiyo. Mwaka 1965 wazee waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu waliandikisha historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu, kitabu kilichokusanywa na André Yav. Ni hazina, ila anayekisoma lazima akisome kwa sauti, kwa sababu neno moja limeandikwa kwa namna kadhaa na maneno yamekatwa popote. Kabla ya kuchapa shairi lolote, watu wakubaliane juu ya mambo machache: "njo" au "ndjo", "iko" au "eko", "kichwa" au "kitshwa" kwa mkono wa Kifaransa, "mu nyumba" kwa maneno mawili au kwa moja. Chochote kitakachochaguliwa kitafaa. Kitakachomchosha msomaji ni kukuta namna tatu katika ukurasa mmoja.

Kalenda ni jambo jingine, na hapo Hebel hakutumia Kialemani. Aliandika Kijerumani cha wote, ila kwa mwendo wa mtu anayezungumza mezani. Shule ya Karlsruhe ilikuwa na haki ya serikali ya kutoa kalenda ya nchi, na mapato yake yaliisaidia shule. Kalenda haikuuzika. Mwaka 1806 Hebel, bila kuombwa na mtu, aliwaandikia wakubwa waraka wa kueleza namna ya kuitengeneza. Wakampa kazi. Toleo la 1808 likatoka na jina jipya, lenye maana ya Rafiki wa Nyumba wa nchi ya Rhine, na sehemu ya kusoma ikapanuliwa. Yeye mwenyewe aliandika hadithi na habari kama 30 kila mwaka: wezi, sayari, hesabu za kufumbua, ajali. Msomaji alisikia sauti ile ile mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana alirudi kununua. Kamati haiwezi kutoa sauti hiyo, hata ikiwa na wasomi kumi.

Hadithi moja ya kalenda ya 1811 ingesomwa Lubumbashi kana kwamba imeandikwa hapa. Mchimba madini kijana wa Falun, Uswidi, anampa mchumba wake salamu za asubuhi na hatoki tena shimoni. Mchumba alikuwa akimshonea kitambaa cheusi cha shingo chenye pindo jekundu kwa siku ya arusi; anakiweka. Katika aya moja tu vita vinapita, wafalme wanakufa, Lisbon inabomoka, na huku msagaji anasaga, mhunzi anafua, wachimbaji wanachimba. Baada ya miaka 50 maiti inapatikana chini, imelowa vitrioli (chumvi ya chuma), haikuoza, sura bado ya kijana. Hakuna anayemtambua, mpaka anapofika kikongwe na mkongojo wake. Anamfunga kitambaa kile shingoni. Mjini kwetu, ambako nyumba nyingi zimeishi kwa mshahara wa shimo, ukurasa wa namna hiyo ungekatwa na kuhifadhiwa.

Kwa wanaotaka kuanza, hesabu ya kazi ni hii. Kitabu cha kushonwa kwa pini kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4; 48 zinatosha, 12 za miezi na 36 za kusoma. Ndani karatasi ya gramu 80, kwa kuwa nyembamba zaidi huonyesha wino wa upande wa pili. Jalada gramu 200, na tundu kwenye kona kwa ajili ya kamba na msumari. Maandishi yafungwe mwezi wa Agosti na chapa iishe Oktoba, kabla mvua hazijashika. Mafungu yasiwekwe juu ya sementi bali juu ya mbao, la sivyo karatasi za chini zitavuta unyevu na kujikunja.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu visinakiliwe kutoka kalenda ya Kinshasa wala ya Ubelgiji. Saa yetu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, hivyo mwezi unaoangukia huko baada ya saa 5 usiku, kwetu ni siku ya pili yake. Sikukuu ziwe za wote: Noeli ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, ni 25 Mei, na Idi iandikwe kwamba inategemea kuonekana kwa mwezi.

Na dini zichukuliwe kwa uangalifu, maana ndizo zilizomtoa Hebel kazini. Katika toleo la 1815 alisimulia kijana Mkatoliki aliyekutana darajani na mapadre wawili, kila mmoja akitoka upande wake na sakramenti, asijue ampigie nani magoti. Mmoja wao akamwonyesha mbinguni kwa kidole. Hadithi ni ya heshima tupu. Hata hivyo Wakatoliki walilalamika, kalenda ikiwa imekwisha chapwa, na serikali ikaamuru iondolewe. Hebel akauacha uhariri. Kwa hiyo maandishi yote yasomwe na mtu wa kila dhehebu mwezi Agosti, wakati neno bado linaweza kubadilishwa bila kupoteza karatasi, na mhariri abaki na neno la mwisho.

Msomaji wenu,
Komine ya Kamalondo, Lubumbashi